Kanisa lenye kuba: kwa nini Kanisa Kuu la Ukumbusho la Mombasa lafanana na msikiti

Ukifuata barabara ya Nkrumah kuelekea Ngomeni, utapita kando ya jengo jeupe lenye matao na kuba. Mgeni aliyeshuka Mombasa kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni msikiti, na hatakuwa na kosa kubwa. Akikaribia ndipo auone msalaba, na asome kibao kinachosema kuwa hapo ni Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana. Kwenye barabara hiyo hiyo kuna kanisa kuu la Wakatoliki, la Roho Mtakatifu, lenye minara miwili na sura ya Ulaya ambayo haimbabaishi mtu. Makanisa mawili, mtaa mmoja, na yote ni ya miongo ya kwanza ya karne ya 20. Ilikuwaje hili moja likavaa kilemba?

Swali hili wengi wetu tumelipita kama tunavyolipita jengo lenyewe, maana tumelizoea. Lakini jibu lake lina mambo mengi ya Pwani ndani yake: utumwa na ukombozi, Sultani na Mwingereza, mawe yetu na mafundi wetu. Tena lina onyo kwa yeyote mwenye nyumba ya kale ya mawe, awe muumini wa dini gani.

Kabla ya kanisa la mjini

Wakristo wa kwanza kujenga Mombasa walikuwa Wareno. Walianza Ngome ya Yesu mwaka 1593 na ndani yake wakaweka kanisa dogo. Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698, ukurasa huo ulifungwa.

Ukurasa mwingine ulifunguliwa mwaka 1844. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la kimishenari la Uingereza liitwalo CMS, alifika Mombasa akiwa na mkewe Rosina. Haikupita hata miezi mitatu, Rosina na mtoto wao mchanga wakafariki kwa homa. Kaburi lake liko hadi leo upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Krapf hakuondoka. Alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri Biblia, na aliyemsaidia katika kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini. Hebu tulikumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba dini hizi mbili zimekaa Pwani kwa kutazamana kwa jicho la pembeni. Maandishi ya kwanza ya Biblia kwa Kiswahili yalipita mezani kwa kadhi.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, na huko ndiko kituo chao cha kwanza kilikosimama. Kwa hiyo Uanglikana wa Pwani haukuanzia kisiwani. Ulianzia vilimani, ukateremka baadaye.

Hatua ya pili ni Frere Town. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba mateka, na watu hao hawakuwa na pa kwenda, kwani makwao kulikuwa mbali, Nyasa na Uyao na Umakua. Mwaka 1875 CMS ikafungua makazi yao Kisauni, mkabala na kisiwa, yakapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Unguja kumshawishi Sultani. Kengele iliyotundikwa pale kuwaonya watu wakati wa hatari ndiyo iliyotuachia jina la Kengeleni. Kila siku makondakta wa matatu hulitaja jina hilo, na sijui ni abiria wangapi wanaolifikiria.

Miongoni mwa viongozi wa makazi hayo walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa watoto na kulelewa Nasik, India, karibu na Bombay. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885. Askofu aliyewawekea mikono ndiye chanzo cha neno "Ukumbusho" katika jina la kanisa letu.

Ukumbusho wa nani?

James Hannington aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Ikweta ya Mashariki mwaka 1884, akafika Frere Town mwanzoni mwa 1885. Dayosisi yake haikuwa na mipaka ya kueleweka: ilianzia bahari ya Hindi ikaishia Uganda. Mwaka huo huo aliamua kwenda Uganda kwa njia mpya, ya kukata Umasaini moja kwa moja badala ya kuzunguka kusini mwa ziwa. Aliyefuatana naye katika msafara alikuwa yule yule William Jones.

Njia ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na siasa ndani yake. Huko Buganda, Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni wanaoingia kutoka mashariki, na habari za Wajerumani kunyakua ardhi ya pwani zilikuwa zimemfikia. Hannington alikamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai.

Tukisema kanisa hili ni ukumbusho wa Hannington, tusisahau kwamba wapagazi waliokufa pamoja naye walikuwa watu wa huku kwetu, na majina yao hayakupewa jengo. Jina la askofu limeandikwa ukutani. Ya wale wengine yamebaki kwa Mungu.

Dayosisi ile kubwa iligawanywa mwaka 1898, Uganda ikawa mbali na Mombasa mbali. Askofu wa kwanza wa Mombasa, William George Peel, alihitaji kanisa kuu ndani ya mji. Ndipo kati ya 1903 na 1905 likajengwa hili tulionalo.

Kanisa katika nchi ya Sultani

Tuitazame Mombasa ya wakati ule. Reli ilikuwa imeanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Wahindi, Wazungu na watu wa bara walikuwa wakimiminika. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na mahakama na ofisi zake karibu na Ngomeni. Hata hivyo, kisheria Mombasa haikuwa mali ya Mwingereza. Kwa mkataba wa Desemba 1895, ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliukodi, wakaahidi kuheshimu dini na sheria za watu wake. Mahakama za kadhi tulizo nazo leo zina mzizi katika mpango huo. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome hadi 1963.

Basi mtu akijenga kanisa kubwa katika mji wa Waislamu, penye bendera ya Sultani, alikuwa na njia mbili. Kwanza, kusimamisha mnara mrefu wenye ncha kama wa Uingereza, aseme waziwazi: tumefika. Pili, kujenga kitu ambacho jicho la mwenyeji halitakikataa. Kanisa la Mombasa lilifuata njia ya pili.

Aliyelichora ni John Houston Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu wa majengo na kuajiriwa katika utumishi wa serikali huku Afrika Mashariki. Mtu huyu ndiye aliyebuni majengo mengi ya serikali ya Unguja: makao ya mwakilishi wa Uingereza kule Vuga, Mahakama Kuu, na Beit el Amani, ile nyumba ya makumbusho ya Mnazi Mmoja iliyofunguliwa 1925. Mwishowe, mwaka 1922, yeye mwenyewe akawa Mwakilishi Mkaazi wa Uingereza huko. Ukiyaweka majengo yake pamoja utaona mkono mmoja: kuta nyeupe, matao, kuba, vivuli virefu. Kanisa la Mombasa ni mojawapo ya majaribio yake ya mwanzo, ndugu wa mahakama na makumbusho za Unguja.

Hakuwa wa kwanza kulichanganya kanisa na sura ya Pwani. Kanisa la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali penye soko la watumwa lililofungwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Askofu Edward Steere, mtaalamu mkubwa wa Kiswahili, alitaka kanisa pana lisilo na nguzo katikati, akaamua kuliezeka kwa tao moja refu la zege la vipande vya matumbawe na saruji, lenye upana wa zaidi ya mita 8. Wengi walisema litaanguka. Limesimama mpaka leo. Sinclair, aliyefanya kazi Unguja, bila shaka alilijua.

Kilemba si chetu, mawe ndiyo yetu

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulikosea. Husemwa kwamba Sinclair aliiga msikiti wa Kiswahili. Hakuiga. Ingia katika misikiti ya kale ya pwani yetu, au magofu yake kama yale ya Gede, na utaona paa bapa la boriti na chokaa, mihirabu iliyochongwa kwa ustadi, na mara nyingi hakuna mnara wala kuba. Mwadhini alipanda ngazi akasimama juu ya paa. Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale una mnara, lakini ni ule mnene unaokwenda ukipungua, usio na mfano wa minara ya Istanbul. Kuba zilikuwepo Kilwa, katika msikiti mkuu, nazo zilistaajabiwa kwa sababu zilikuwa adimu.

Sababu yake ni ya kifundi. Chumba cha Kiswahili hupimwa kwa boriti ya mkoko, na boriti haifiki mbali: mita 2 na nusu, au 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana msikiti mpana ulijaa nguzo. Kuba lataka hesabu nyingine. Kuba la mawe husukuma kuta kwenda nje, kwa hivyo lahitaji kuta nene au matao ya kulibana. Tena, chumba ni cha pembe nne na kuba ni duara, kwa hivyo fundi lazima azijaze pembe kwa ustadi ili mraba ugeuke mviringo. Kazi hiyo ilifanywa sana Uturuki, Misri na India. Huku kwetu ilifanywa kwa nadra.

Kwa maneno mengine, Sinclair alilivika kanisa vazi la "Kiarabu" jinsi Waingereza wa enzi yake walivyoliwaza, likiwa limechanganywa Cairo, Morocco na India. Lilikuwa vazi la kuheshimu mji, ndiyo, lakini pia lilikuwa vazi la mtawala anayejua kuongea lugha ya macho. Jengo la serikali lenye kuba huonekana kama limekuwepo siku zote, na mwenye nchi husahau kuuliza limejengwa na nani. Nadhani ni haki kuyasema yote mawili kwa pamoja: heshima ilikuwepo, na hila ilikuwepo.

Chetu hasa kiko chini ya rangi nyeupe. Majengo ya mawe ya pwani hii yamesimama kwa jiwe la matumbawe na chokaa, elimu iliyokuwa hapa karne nyingi kabla ya Mwingereza kufika. Jiwe la kuchimbwa ardhini, gumu na lenye matundu, hujenga ukuta. Lile laini la baharini, likatwapo bado bichi, huchongwa mihirabu na zidaka. Vipande hupangwa juu ya kuni na kuchomwa, moto hufukuza hewa iliyomo ndani ya jiwe, na kinachobaki ni chokaa kali. Ikimwagiwa maji huchemka na kulainika. Ikipakwa ukutani hunyonya tena hewa ile ile polepole, ikarudi kuwa jiwe. Ukuta wa namna hii huwa mnene, hupoza chumba mchana, na huacha unyevu wa kusi utoke.

Liko jambo moja zaidi la kulitofautisha kanisa hata kama macho yamedanganywa na kuba. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hivyo mihirabu ya misikiti yetu huelekea kaskazini. Kanisa kwa desturi ya kale huweka madhabahu yake mashariki, kunakochomoza jua. Majengo yaweza kufanana sura, lakini kila moja laelekeza uso wa muumini wake kwingine.

Chumvi haina dini

Sasa tuje kwenye la leo. Jengo lo lote linalopigwa na upepo wa bahari lina adui wawili: chumvi na fundi asiyejua.

Chumvi husafiri kwa upepo na hupanda kutoka ardhini pamoja na maji. Katika ukuta wa chokaa huingia na kutoka, ikiubambua ukuta kidogo kidogo juu juu, na dawa yake ni kupaka chokaa upya kila baada ya misimu kadhaa. Wazee walijua hivyo. Kupaka chokaa kulikuwa sehemu ya kalenda ya mji.

Siku hizi tunaona uvivu katika kupaka kila mara, tukapiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Ukuta hupendeza mwaka mmoja au miwili. Lakini saruji ni ngumu na haipumui kama chokaa. Unyevu ukiingia, na utaingia, hukosa pa kutokea. Chumvi hukaa nyuma ya lipu, hukauka, hugeuka punje, na punje hizo huliponda jiwe laini kutoka ndani. Siku lipu inapoanguka, huanguka na uso wa ukuta.

Nondo nazo zina kisa chao. Zege la pwani likichanganywa na mchanga wa ufukweni wenye chumvi, chuma kilicho ndani hupata kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi huvimba na kulipasua zege. Ndiyo maana utaona jengo la miaka 40 lina boriti zilizochanika na nondo zimetoka nje kama mbavu, huku jengo la mawe la miaka 100 na zaidi limesimama wima. Kwa hali hii, usasa umechoka mapema kuliko ukale.

Kanisa la Mkunazini lilipoharibika paa, lilihitaji wataalamu, fedha za wafadhili wa nje na miaka ya kazi kuliokoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii labda ilitungwa na mtu aliyekuwa na nyumba ya matumbawe.

Yapo ya kufanywa, na hayahitaji miujiza. Kwanza, ukarabati wa jengo la mawe ufanywe kwa chokaa, na kwa jiwe la kuchimbwa nchi kavu, tusirudi kung'oa matumbawe hai baharini. Pili, mafundi waliobaki wenye elimu ya chokaa wapewe vijana wa kuwafundisha. Tuna vyuo vya ufundi vinavyofundisha saruji tangu asubuhi hadi jioni. Somo moja la chokaa halitavunja ratiba. Tatu, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 ipo, na Mji wa Kale una ofisi yake ya uhifadhi. Lakini mtaa wa Nkrumah na mitaa ya jirani imejaa majengo ya mwanzo wa karne iliyopita ambayo bei ya kiwanja yaweza kuyabomoa usiku mmoja. Kulinda lango la Ngome na kuachilia barabara iendayo huko ni kulinda kofia na kuuza kanzu.

Kwa nini limhusu asiyesali humo

Msomaji Mwislamu aweza kuuliza: kanisa ni la Wakristo, mimi lanihusu nini? Lakuhusu kwa sababu ujuzi utakaoliokoa ndio ule ule utakaouokoa msikiti wa mtaani kwenu na nyumba ya bibi yako. Fundi wa chokaa akifa bila mwanafunzi, majengo yote matatu yatapata maradhi mamoja.

Na msomaji Mkristo naye aweza kulitazama kuba lake kwa macho mapya. Dayosisi yake iliasisiwa na watu waliotolewa majahazini kwa nguvu, ikatafsiriwa maandiko kwa msaada wa kadhi, na kanisa lake kuu likajengwa juu ya ardhi ya Sultani. Hayo yote yamo katika jengo moja jeupe ambalo kila siku matatu, mikokoteni na watu wa mahakamani hulipita bila kuinua macho.

Siku ukiwa na shughuli upande wa Ngomeni, simama dakika mbili ulitazame. Tazama kuba, kisha tazama kuta. Kuba litakusimulia habari za waliotawala. Habari zetu sisi ziko kwenye kuta, na ni juu yetu kuona kwamba hazibambuki.